Spana ya 13 Inacheza

Wasikilizaji wa Uvira, wa Sange, wa Luvungi, na ninyi wa ng'ambo ya mpaka mnaotupata kule Gatumba, leo sizungumzii bei ya mihogo wala foleni ya Kavimvira. Leo nina habari ya bolti moja.

Bolti yenyewe iko Ujerumani, mji wa Osnabrück, kwenye gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai. Gari ni MGB la mwaka 1966, la Kiingereza. Mwenye gari ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye kitovu chake kimezikwa hapa Mutarule, kijiji ambacho dunia hukitaja siku za msiba tu. Kijana huyu mchana anachomelea vyuma kiwandani, jioni anakwenda kwenye gereji ya kupanga kulitazama gari lake. Nasema kulitazama kwa sababu ni mwaka wa pili huu halijatembea hata mita moja.

Wiki tatu zilizopita akanitumia sauti kwenye simu. "Mjomba, jambo. Niulizie yule mzee fundi. Kuna bolti hapa inanisumbua. Spana ya 13 inacheza, ya 12 haiingii. Nikilazimisha, nitaila kichwa. Majirani zangu hapa masanduku yao yamejaa spana, kila moja inang'aa, na hakuna hata moja inayokaa."

Nikapanda pikipiki mpaka Luberizi. Mzee nilimkuta chini ya mwembe wake, miguu ndiyo inayoonekana, mwili mzima uko chini ya Hilux ya mtu. Nikaipiga ile sauti mara mbili. Hakutoka. Akajibu kutoka kule kule chini: "Mwambie hiyo ni nusu inchi. Mwingereza hana milimita."

Nusu inchi, wasikilizaji, ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaizidi kidogo sana. Jicho haliuoni huo mwanya, lakini pembe za bolti zinauona. Ukivuta kwa nguvu pembe zinalika, bolti inakuwa duara, na kutoka hapo ni kazi ya patasi na matusi. Inchi saba za kumi na sita ni mbaya zaidi: ni milimita 11.1, kwa hiyo spana ya 11 inakataa mlangoni, na ya 12 inazunguka peke yake kama mlevi. Na hapo bado hujakutana na magari ya Kiingereza ya zamani zaidi, yenye kipimo cha Whitworth, ambacho namba ya kwenye spana haitaji upana wa kichwa cha bolti bali unene wa shina lake. Mtu anaweza kukaa na spana sahihi mkononi akaitupa kwa sababu namba haimwelei.

Sasa, mzee wa Luberizi alijuaje? Alijua kwa sababu sisi wa huku tumelelewa na vipimo viwili. Mbelgiji alituachia milimita. Kigoma ikatuletea inchi. Ndiyo maana hata maneno yetu yako mawili mawili: anayetoka upande wa Bujumbura anakwambia kapo, wa Kigoma anasema boneti, huyu anasema freni, yule breki, huyu pine, yule tairi. Fundi wa bonde la Ruzizi anajibu yote. Mzee huyu alijifunza ujana wake Kigoma, kwenye magari ya Morris na Land Rover, akarudi na inchi kichwani.

Basi hebu tuliangalie hilo jambo la Mwingereza kuzeeka mikononi mwa Mjerumani, maana si la jana. Osnabrück aliko mpwa wangu ndiko kulikokuwa kiwanda cha Karmann, mafundi wa kuunda bodi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Triumph ya Uingereza ilitaka gari lake la michezo libadilike sura haraka na kwa fedha kidogo. Kazi wakapewa Karmann. Wakaacha katikati ya gari kama lilivyokuwa, wakakata mbele, wakakata nyuma, wakalichonga upya. Likatoka TR6, likatengenezwa mpaka 1976, na mpaka leo watu wanalitazama wakisema, hilo ndilo gari la Kiingereza hasa. Sura yake ilichorwa Ujerumani.

Na Land Rover, ambayo ninyi mnaifahamu kuliko hizo zote? Ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, mwisho wa Aprili 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgao, siyo kwa sababu mtu alitabiri kwamba siku moja itakaa miaka 40 kwenye jua la Ruzizi. Miaka michache baadaye, kiwanda cha Tempo kule Hamburg kikawa kinaziunda kwa ajili ya walinzi wa mpaka wa Ujerumani, na kiwanda cha Minerva cha Antwerp kikawa kinaziunda kwa jeshi la Ubelgiji, vyote viwili vikitumia bodi ya chuma. Kwa hiyo mtu akikwambia gari fulani ni "la Kiingereza asilia", muulize kwanza limepitia mikono ya nani.

Lakini huko Ujerumani swali la uasilia lina sheria yake, na hapa ndipo mpwa wangu analala akiwaza. Gari likitimiza miaka 30 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, mwenyewe anaweza kuomba namba yenye herufi H mwishoni, H ya historia. Utaratibu ulianza 1997. Mwenye H analipa kodi ya aina moja, euro 191 na senti kadhaa kwa mwaka, injini iwe ndogo iwe kubwa, na anaruhusiwa kuingia katikati ya miji ambako magari ya moshi mchafu yanazuiwa. Wengine wanaiunganisha na namba ya msimu, gari linatembea tuseme Aprili mpaka Oktoba, halafu linalala. Kule wakati wa baridi barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma usiku na mchana. Sisi tunalalamika vumbi. Vumbi linaziba, lakini halitafuni.

Ila H haitolewi kwa umri peke yake. Mkaguzi anakuja, anainama, anagongagonga, anafungua kapo. Anataka gari liwe lilivyotoka kiwandani, au, kama limebadilishwa, mabadiliko yawe yale ambayo watu wa enzi zake walikuwa wakiyafanya, ndani ya miaka 10 hivi ya mwanzo wa gari. Mpwa wangu akifunga magurudumu ya waya, hakuna neno, kiwanda chenyewe kilikuwa kinayauza. Akifunga ile gia ya ziada ya safari ndefu, vilevile. Lakini wenye MGB wengi siku hizi wanang'oa gia boksi ya gia nne na kuweka ya gia tano ya Ford Sierra, na Sierra ilizaliwa miaka ya 1980. Hapo mkaguzi ana haki ya kukunja uso.

Na lile gari lina vituko vyake ambavyo binadamu yeyote angependa kuviondoa. Betri zake ni mbili za volti 6, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, mahali ambapo hakuna mtu anayekumbuka kuongeza maji. Na waya uliofungwa kwenye bodi ni wa chanya, kinyume cha magari yote mliyozoea. MGB ziliendelea hivyo mpaka mwishoni mwa 1967. Ukifunga redio ya kisasa bila kujua, unasikia harufu kabla ya kusikia wimbo. Halafu petroli: injini za zamani zilizoea petroli yenye risasi, ile risasi ilikuwa kama mto laini chini ya vali. Risasi ilipoondolewa Ujerumani, na baadaye dunia nzima, 2021, Algeria ilipouza lita ya mwisho, wenye magari haya wakalazimika kutoboa kichwa cha injini na kupachika viti vya vali vya chuma kigumu. Hayo ni mabadiliko ambayo hakuna anayeyagombania, kwa sababu hayaonekani. Nimegundua kwamba wapenzi wa uasilia wana huruma sana na kisichoonekana.

Mpwa aliuliza swali la pili, la kabureta. MGB ina kabureta mbili za SU, na zisipolingana gari linakohoa. Safari hii mzee alitoka chini ya Hilux. Akajifuta mikono, akashika simu yangu kama mtu anayeshika kuku, akazungumza mwenyewe. Nawanukulia: "Mwanangu, tafuta mpira wa maji, urefu wa mkono. Upande mmoja weka sikioni, wa pili peleka mdomoni mwa kabureta. Sikiliza upepo. Nenda kabureta ya pili, sikiliza. Mmoja akipiga kelele kuliko mwenzake, mpunguze. Zikisema sauti moja, hapo hapo, usiguse tena. Halafu inua pistoni ya kabureta kidogo, unene wa ukucha. Injini ikipanda mbio na kubaki huko, unaipa petroli nyingi. Ikitaka kufa, ina njaa. Ikishtuka kidogo ikarudi kwenye sauti yake, imeshiba."

Dakika moja na nusu. Mpwa wangu aliniambia ameipiga ile sauti gereji nzima, akiwatafsiria wale wazee wa Kijerumani sentensi baada ya sentensi, na mmoja wao akaenda kukata mpira wa bustani yake siku hiyo hiyo.

Sasa niwaambie habari ya gari la mzee, kwa sababu kwa asili si lake, ni la marehemu baba yangu mdogo. Landrova, 109, ile ndefu, ya miaka ya 1970. Wengi wenu mmepanda nyuma yake mkienda soko la Sange.

Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, kila mtu alibeba alichoona ni roho yake. Baba mdogo alichomoa plagi nne, akamimina oili kwenye kila silinda, akazungusha injini kwa mkono mara chache ili oili ienee, akarudisha plagi. Kisha akang'oa delko, ile wengine mnaita distribyuta, akaifunga kwenye kitenge, akaibeba. Tumevuka ziwa mpaka Kigoma naye ameikumbatia. Mkewe hakumsamehe mpaka alipokufa. "Mume wa watu alibeba magodoro," alikuwa akisema, "wa kwetu alibeba kidude cha moto."

Tuliporudi mwaka uliofuata tulirudi na meli ya Liemba. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia miezi mitano, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, watu zaidi ya 75,000. Najua baadhi yenu mnaonisikia mlikuwa kwenye sitaha ile, mnakumbuka harufu ya dizeli na dagaa. Landrova tuliikuta. Magurudumu hayapo, viti havipo, vioo havipo, kuku wanataga chini ya usukani. Baba mdogo akachomeka mpini wa kuzungushia injini, akasukuma, ikazunguka. Oili ilikuwa imelala kule ndani ikilinda nyumba.

Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba meli iliyoturudisha ilikuwa na historia hiyo hiyo, na kwamba baba mdogo, bila kujua, alikuwa amefanya walichofanya Wajerumani. Liemba iliundwa Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, 1913, jimbo lile lile la Niedersachsen aliko mpwa wangu. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku maelfu, ikasafiri kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa huko, ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Kabla ya hapo na baada ya hapo ziwa lilikuwa vita tupu. Waingereza walileta boti mbili ndogo za mbao, futi 40 kila moja, zenye mbio, wakazivuta nchi kavu kupitia Katanga. Majina yake Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa kwa Kifaransa cha watoto. Sikukuu ya Krismasi 1915 ilipopita tu, tarehe 26, zikaiteka meli ya Kijerumani, Kingani. Wakaiziba tundu, wakaipachika mzinga mkubwa zaidi, wakaiita Fifi. Nani alisema kubadilisha chombo cha mwenzako ni mchezo wa siku hizi?

Julai 1916 Wajerumani wakawa wanaondoka Kigoma. Hawakutaka Goetzen ichukuliwe. Lakini mafundi waliotoka nayo Papenburg hawakuweza kuivunja kazi ya mikono yao. Wakapaka injini grisi nzito, kila mahali, ndipo wakaizamisha. Ikainuliwa, ikazama tena, na Machi 1924 Waingereza wakaitoa majini moja kwa moja. Walipofuta ile grisi, injini zilikuwa hai. Mei 1927 ikarudi kazini, jina jipya, Liemba. Injini zile za mvuke ziling'olewa miaka mingi baadaye, zikawekwa za dizeli, na dizeli nazo zikabadilishwa. Mwili ni wa 1913. Moyo umebadilishwa zaidi ya mara moja.

Nilimuuliza mpwa wangu: Liemba ingepata H? Akacheka. "Mjomba, mkaguzi angefungua chumba cha injini akafunga daftari lake."

Na Landrova ya baba mdogo ndiyo isingepata hata dakika. Baba mdogo alipofariki, mzee fundi akairithi kwa deni ambalo hakuna anayekumbuka lilianzaje. Vipuri vya ile injini vikakauka, Uvira havipatikani, Bujumbura havipatikani. Akafanya kinachofanyika Afrika Mashariki yote: akatafuta injini ya dizeli ya Hilux iliyogongwa. Kuiozesha injini ya Kijapani kwa gia boksi ya Kiingereza si mchezo, wala usidhani ni kuchomelea tu. Alikata bamba nene la chuma, akatoboa upande mmoja matundu ya Toyota, upande wa pili matundu ya Land Rover. Kitovu cha injini na kitovu cha gia boksi lazima vitazamane sawasawa. Vikipishana unene wa unywele, klachi inaunguruma na beringi inakufa. Vilikuwa vinapishana. Akaweka vipande vitatu vyembamba vya bati, alivyovikata kwenye kopo la maziwa ya unga, mahali anapopajua yeye. Gari likanyamaza. Akaongeza mabapa mawili kwenye springi za nyuma kwa ajili ya mihogo. Likafanya kazi miaka sita.

Siku moja likiwa Baraka, klachi ikasumbua. Dereva akampa fundi wa huko. Yule kijana si mjinga, ni fundi mzuri tu, alifungua, akaona vipande vitatu vya kopo la maziwa, akadhani ni uchafu wa mtu mvivu. Akavitupa. Wiki haikuisha, beringi ikasagika kwenye mchanga wa Makobola.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi kwenye meza za watu, na kila mara wanacheka mahali pa kopo la maziwa. Mimi sicheki tena. Ujerumani mabadiliko ya gari yanaandikwa. Ukibadilisha magurudumu, usukani, breki, mkaguzi anaangalia, yanaingia kwenye karatasi za gari, na karatasi zinakwenda na gari kwa mnunuzi na kwa mnunuzi wa mnunuzi. Watu wanawacheka Wajerumani kwa mihuri yao. Mimi ile H yao siihusudu hata kidogo; gari ambalo halijabadilika miaka 60 kwangu ni gari ambalo halikuwa na kazi. Ninachowahusudu ni lile daftari.

Kwa sababu huku kwetu kuna mabadiliko ya aina nyingine, na ninyi mnayajua. Silinda ya breki ya gurudumu moja inavuja, kipuri hakuna, fundi anakunja bomba na kulipiga nyundo. Sasa gari lina breki tatu. Linauzwa. Aliyenunua hajui. Anashuka Ngomo na magunia 40, zile kona mnazifahamu, na anapokanyaga gari linavuta upande mmoja kuelekea bondeni. Au gari limetoka Dar es Salaam na usukani wa kulia, huku tunaendesha kulia, mtu anataka usukani uhamie kushoto. Anayejua anahamisha sanduku zima la usukani na viungo vyake. Asiyejua anakata mhimili anauchomelea, na ule mshono unasubiri siku yake. Hayo siyaiti ubunifu. Sioni haya kuyaita mauaji. Lakini hata kazi nzuri, kama ile ya vipande vitatu, isipoandikwa inamgeuka mwenye nayo.

Basi nilinunua daftari, la kurasa 96, lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Nikampelekea mzee. Nikamwambia, wewe sema, mimi naandika. Landrova ukurasa wa kwanza.

Akalitazama lile daftari muda mrefu. "Nikisema yote humo," akasema, "kesho watakuja kwangu kufuata nini?"

Wasikilizaji, sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Mzee ana miaka zaidi ya 70. Vijana wawili aliowafundisha wako kwenye migodi. Alichonacho cha kumlisha ni kwamba Luberizi mpaka Kamanyola hakuna mwingine anayejua lile bamba lilitobolewaje. Mimi namwomba aniuzie shamba kwa bei ya daftari. Nikaondoka nalo likiwa jeupe.

Nikamsimulia mpwa wangu. Akakaa kimya siku nne, nikadhani mambo yamemwisha. Kisha akanitumia picha: sanduku la chuma, kutu pembeni, ndani spana 11 za inchi. Alizipata kwenye soko la vitu vya zamani, siku ya Jumamosi, kwa bei ya chakula cha mchana. "Mjomba," akasema, "zangu nimeshapata. Hizi ni za mzee. Si malipo, mwambie ni ada ya somo la kabureta. Na somo lijalo nalipia vilevile."

Sanduku limepanda ndege kwenye begi la mtu mpaka Bujumbura, likakaa kwa shemeji wiki nzima, likapita Gatumba ndani ya ndoo ya unga, likaingia Kavimvira. Jumamosi iliyopita nililifikisha Luberizi.

Mzee hakusema asante. Alichukua ya nusu inchi, akaipima uzito kiganjani, akaenda kwenye Landrova iliyosimama bila boneti chini ya mwembe. Akaiweka kwenye bolti moja ya gia boksi. Ikakaa, haikucheza. Akaivuta robo mzunguko, akairudisha. Halafu akatoa mfukoni spana yake mwenyewe, nyeusi, fupi, akanionesha kwa mara ya kwanza: ni ya 12, imepanuliwa mdomo kwa tupa, kiasi kidogo kila upande, imefanyiwa kazi miaka 30 na zaidi. Alipiga tupa akiwa kijana, bila kipimo, akijaribu kwenye bolti, akipiga tena, mpaka ilipokaa.

Ile mpya akairudisha kwenye sanduku, akafunga kifuniko. Ile ya tupa akaitia mfukoni. Kisha akakaa kwenye tairi, akaniuliza kama daftari nimekuja nalo.

Nilikuwa nimekuja nalo.

"Andika," akasema. "Spana ya 12. Mdomo umepigwa tupa."